Sikio la Francis O'Neill

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni mbele ya wazee na wazazi wenzangu wa Kiswahili hapa Chicago. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu, poleni na kazi za wiki nzima. Naona wengine mmetoka kazini moja kwa moja, vitambulisho vya ghala bado mmevaa shingoni. Asanteni sana kwa kuja.

Niliombwa nizungumze kuhusu baba na kazi na nyumba. Mimi si mwalimu wala si mchungaji. Mnanijua, napakua mizigo ghalani usiku, na Jumapili napiga gitaa kanisani. Kwa hiyo nimekuja na habari za mtu mwingine, aliyepakua mizigo katika mji huu huu kabla bibi na babu zetu hawajazaliwa. Baadaye akawa polisi. Alikuwa baba wa watoto kumi, na alikuwa mpiga filimbi. Filimbi yake haikumlisha hata siku moja isipokuwa mara moja tu, na nitawasimulia. Anaitwa Francis O'Neill.

Alizaliwa 1848 kusini mwa Ireland, mahali panapoitwa Tralibane, karibu na mji wa Bantry. Miaka ile njaa kubwa ya viazi ilikuwa imeinamisha nchi nzima. Watu wakifa, watu wakipanda meli. Kwao walikuwa watoto saba, yeye kitinda mimba. Mama yake alikuwa mwimbaji wa nyumbani, kama mama zetu: anaimba akifanya kazi, wala hajui kama kuna mtu anasikiliza. Francis alikuwa anasikiliza. Jirani mmoja mkulima akamfundisha filimbi. Na kijijini palikuwa na mzee kipofu, Peter Hagerty, mpiga zumari la mfuko. Vijana walikuwa wanakutana njia panda kucheza, mzee anapiga, wanampa chochote, maisha yanakwenda. Siku moja padri akaipiga marufuku ngoma ile. Mzee hakuwa na shamba wala fani nyingine, na macho hana. Akaishia nyumba ya maskini, akafia huko.

Nimeanza na mzee Peter makusudi. Francis O'Neill aliandika habari zake akiwa mtu mzima mwenye cheo, ng'ambo ya bahari, na ukisoma unaona hakuwahi kulimeza jambo lile.

Alitoka kwao 1865, akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, akaingia melini kuwa mtumishi. Akazunguka. Misri amefika, Bahari Nyeusi amefika. Katika safari moja ya kuja New York alimwona msichana wa kwao, Anna Rogers. Mkumbukeni huyo, tutarudi kwake. Akaendelea na bahari mpaka meli yao, Minnehaha, ikapasuka kwenye kisiwa kidogo cha Baker katikati ya Pasifiki. Kisiwa hakina mti wa maana wala mto. Mabaharia wakakaa pale wakihesabu maji na vyakula vilivyookolewa, mpaka ikaja meli ndogo, Zoe, yenye mabaharia wa Hawaii, ikawachukua.

Chakula cha Zoe kilikuwa kidogo, midomo imeongezeka. Sasa, baharia mmoja Mhawaii alikuwa na filimbi nzuri, na kila jioni alikuwa anapiga wimbo mmoja wa kanisani, huo huo, kwa fahari. O'Neill akaiomba ile filimbi. Fikirini kijana aliyekonda, midomo imepasuka kwa chumvi, anashika filimbi ya mtu asiyejua lugha yake, halafu zinatoka nyimbo za Tralibane pale katikati ya maji. Yule Mhawaii alifurahi mno. Tangu siku ile akawa anamgawia poi yake, ule uji mzito wa magimbi wanaokula kwao, na samaki wa kopo. Walipofika Honolulu, karibu wenzake wote walipelekwa hospitali ya mabaharia. O'Neill alikuwa miongoni mwa wachache walioshuka wazima. Hiyo ndiyo mara moja niliyosema filimbi ilimlisha.

Baadaye alichunga kondoo milimani California. Nalipita haraka hilo, ingawa wenzetu waliotoka kwa wafugaji wangelipenda. Akaingia bara, akafika Edina, mji mdogo wa Missouri, akafundisha shule. Akapanga kwa mkuu wa shule ambaye naye alikuwa Mwairish na mpiga filimbi, na wiki haikupita bila watu kukusanyika kwenye nyumba ya mtu kucheza. Wakulima wale, mchana jembe, usiku fidla. Mimi nadhani pale Missouri ndipo alipojua kwamba nyimbo za kwao hazikubaki kwao. Zimepanda meli pamoja na watu.

Mwaka 1870 akamwoa Anna, yule wa melini, kule Bloomington, Illinois. Wakaja Chicago. Alifanya kazi kwenye meli za maziwa makubwa ya huku, kisha akaajiriwa kubeba mizigo kwenye ghala la reli. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ghala nalijua. Ghala la reli wakati ule halina forklift. Gunia ni mgongo, pipa ni mikono na goti. Mji ulikuwa umeteketea kwa moto mkubwa wa 1871 na ulikuwa unajengwa upya, mbao na vyuma vinaingia usiku na mchana. Mtu anarudi nyumbani vidole havikunji vizuri. Mimi nikitoka zamu, kamba ya kwanza ya gitaa siisikii kwenye ncha ya kidole, naiona tu kwa macho kwamba nimeikanyaga. Kwa hiyo nikisoma kwamba mtu huyu alirudi na filimbi bado anaitaka, namwelewa kwa vidole vyangu.

Julai 1873 akaingia polisi. Mwezi haujaisha vizuri, akakutana na mwizi wa nyumba usiku, mwizi akampiga risasi. Risasi ikakaa karibu na uti wa mgongo. Madaktari wakaona kuitoa ni hatari kuliko kuiacha. Akaishi nayo. Alikufa mwaka 1936, na risasi ilikuwa bado mle ndani. Miaka sitini na zaidi! Alipanda vyeo hatua kwa hatua, kwa mitihani na kwa utendaji, mpaka 1901 meya akamfanya mkuu wa polisi wa Chicago nzima. Mpakia mizigo, mhamiaji. Lakini cheo si kilichonileta hapa.

Kilichonileta ni jioni zake.

Chicago ya miaka ile ilijaa Wairish wa kila wilaya ya kwao. Watu ambao kule kwao wasingeonana maisha yao yote, hapa wanapanga ngazi moja. O'Neill akagundua kwamba kila mmoja amekuja na nyimbo ambazo mwenzake hazijui. Polisi wa doria anazo. Fundi anazo. Palikuwa na Edward Cronin, mzee wa Tipperary, fani yake kufuma nguo; hapa alipata kazi ya kusaga vyuma kiwandani. Mtu kimya, uso haucheki wala haununi, lakini kichwani amebeba nyimbo za fidla zisizohesabika. Palikuwa na John McFadden wa Mayo. Huyu, O'Neill alimtazama kwa makini sana akamwandika: fidla ameiegemeza kifuani badala ya begani, kiganja cha kushoto kimelala kwenye shingo ya fidla, upinde ameushika mbali na mwisho wake. Kila kitu anachokatazwa mwanafunzi, McFadden anakifanya. Na muziki unaotoka ni safi, unaruka, unang'aa. Noti hazijui hata moja.

Na O'Neill mwenyewe kuandika noti hakujua. Nyimbo za mama yake alikuwa nazo kichwani, lakini mkono wake haukuweza kuziweka karatasini. Hapo ndipo alipompata mtu wa jina kama lake, James O'Neill. Si ndugu yake. James ametoka kaskazini mwa Ireland, yeye wa kusini. James alipiga fidla na aliandika muziki kama sisi tunavyoandika barua. Wakawa wanakaa nyumbani kwa James, mtaa wa Brighton Park, kusini mwa mji. Francis anaimba kwa mdomo au anapiga filimbi, James anaandika, halafu James anachukua fidla na kuupiga ule wimbo kutoka karatasini. Mnaelewa hilo ni jambo gani? Wimbo wa mama yako, ulioubeba tangu utotoni, umepita nao baharini, kisiwani, kwa kondoo, ghalani, na risasi juu yake, leo unausikia unatoka kwenye fidla ya mtu ambaye mama yako hakumjua.

Hawakuishia kwa nyimbo za mama. Wakaanza kuita watu. Huyu njoo na zumari, yule njoo na fidla, anayejua kuimba tu aje aimbe. Francis aliwasaidia wanamuziki kadhaa kuingia polisi, James mwenyewe akiwemo, akafika usajini. Najua kuna mtu hapa anasema moyoni huo ni upendeleo. Ni kweli, na mimi siutetei. Kuna wengine walioitafuta kazi ile na hawakuwa na fidla. Nasema tu yaliyokuwa.

Mwaka 1903 kitabu kikatoka: Music of Ireland, nyimbo 1,850. Mle ndani 75 ni za Turlough O'Carolan, mpiga kinubi kipofu aliyekufa 1738. Mzee Peter naye alikuwa kipofu. Sijui kama O'Neill aliliwaza hilo alipokuwa anapanga kurasa, lakini mimi nimeliwaza. Wataalamu wengine walimkosoa: huu wimbo umeurudia kwa jina jingine, ule si wa kale. Baadhi ya lawama zilikuwa na ukweli. Lakini wapiga fidla hawakungoja wataalamu wamalize. Walikichukua kitabu na kukipiga.

Sasa nataka niseme habari za nyumbani kwake, na hapa ndipo pagumu.

Francis na Anna walizaa watoto kumi. Wavulana walikuwa watano. Wote watano walikufa kabla ya baba yao. Maradhi ya miaka ile hayakubisha hodi. Wengi waliondoka wakiwa wadogo, akabaki mmoja, Rogers, amepewa jina la ukoo wa mama yake. Akakua, akafika miaka kumi na minane, ikaonekana huyu sasa amevuka. Mwaka 1904, mwaka mmoja tu baada ya kitabu, Rogers naye akafa.

Baada ya hapo muziki haukupigwa tena katika nyumba ile.

Kina mama, nyie mnajua matanga. Kwetu arobaini ikifika tunavua, tunaanika, redio inawashwa kidogo kidogo. Nyumba ya O'Neill haikufika arobaini. Yule mtu ambaye sebule yake ilijaa fidla na mazumari, ambaye jiji zima lilijua kwamba ukitaka kusikia nyimbo za Ireland mtafute mkuu wa polisi, aliifunga filimbi kwa heshima ya msiba wa mke wake na wake mwenyewe. Watoto waliobaki walikuwa mabinti wanne tu, na nyumba ikanyamaza.

Nimekaa sana na jambo hili. Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani habari inaishia hapo. Kisha nikatazama miaka. Mwaka 1905 anastaafu polisi. Mwaka 1906 anakwenda Ireland kutafuta nyimbo na wapigaji, anakuta kumepoa, anarudi amesononeka. Mwaka 1907 anatoa kitabu cha pili, nyimbo 1,001 za kucheza, na hiki ndicho ambacho mpaka leo wapigaji wa Ireland wakikitaja wanasema tu "kitabu", na wote wanajua ni kipi. Mwaka 1910 kingine. Mwaka 1913 kingine, cha habari za wanamuziki wenyewe, mtu kwa mtu, alikozaliwa, alivyoshika chombo. Vyote hivi baada ya 1904! Nyumbani kimya, lakini mezani kuna mtu anaandika nyimbo.

Siwezi kuwaambia alikuwa anahisi nini. Nawaambia kilichokuwepo: mume aliyekubali mke wake asisikie tena sauti ya filimbi, na mtu yule yule hakuacha kuwatafutia wazee wake mahali pa kulala ndani ya karatasi. Mimi na mke wangu tumewahi kuzika. Wengi hapa mnajua, mlikuja na sufuria zenu mkakaa na sisi. Gitaa lilikaa kwenye mfuko wake miezi minane chini ya kitanda. Sikuwahi kuona mahali mtu ameandika kwamba nyumba nyingine imepita pale, mpaka nilipomkuta huyu polisi wa zamani.

Kitu kingine kidogo, kisha nimalize, naona watoto wameanza kusinzia. Septemba 1901, Rais McKinley wa Marekani alipigwa risasi kule Buffalo. Nchi ikawaka hasira. Hapa Chicago polisi wakamkamata mwanamke mmoja, Emma Goldman, mhubiri wa siasa kali, wakidai ana mkono katika mauaji. Watu walitaka damu yake. Mkuu wa polisi alikuwa O'Neill. Alimwendea, akakaa, akamsikiliza mpaka mwisho. Yule mama aliachiwa baadaye kwa kukosekana ushahidi, na miaka mingi mbele, alipoandika maisha yake, alimkumbuka mkuu yule kwa wema. Siasa zao zilikuwa mbali kama kaskazini na kusini. Lakini sikio ni lile lile la Brighton Park. Nadhani mtu akizoea kumnyamazia mzee msaga vyuma mpaka amalize wimbo, anakuwa na sikio hilo hata kazini.

Uzeeni aliamini kwamba muziki wa kwao unakufa na kwamba vijana hawautaki. Mwaka 1931 alitoa vitabu vyake kwa chuo kikuu cha Notre Dame, hapo Indiana, mwendo wa saa mbili kwa gari. Vipo mpaka leo. Na kuna kitu zaidi ya vitabu. O'Neill na rafiki zake walikuwa na mashine ya Edison, ile ya kurekodi sauti kwenye silinda za nta. Nta ni kitu laini, joto likizidi inaharibika, ikipigwa mara nyingi inafutika. Lakini baadhi ya silinda hizo zilisalia darini kwa familia moja kule Milwaukee, zikaja kugunduliwa karne hii, zikasafishwa na kusikilizwa. Mnasikia mkwaruzo mwingi, kama mvua kwenye bati, halafu nyuma ya mvua, zumari.

Niliisikiliza usiku ghalani, wakati wa mapumziko, simu sikioni. Nikamkumbuka mtu mmoja aliyemo humu ndani.

Yupo mstari wa tatu, amevaa kofia ya bluu, na sasa ameinamisha kichwa kwa sababu amejua. Mzee wetu huyu amekata kuku kiwandani miaka kumi na moja. Mkono wake wa kulia mnauona anavyoukanda. Kabla ya hapo alikuwa kambi ya wakimbizi, na kabla ya kambi alikuwa Uvira, kule Kongo, ambako mama yake alikuwa na nyimbo za kutwanga muhogo, si moja wala mbili. Mwaka jana kwenye harusi aliimba mbili jikoni, tukiwa tunapakua wali, akidhani hakuna anayesikia. Mimi nilikuwa nasikia. Nikamuuliza ziko ngapi. Akaniambia, "Mwanangu, sijawahi kuhesabu."

Babu, nilikuomba juzi nyumbani kwako, ukasema utafikiri. Leo nakuomba mbele za watu, na najua kwamba nakubana, unisamehe. Kiti kiko hapa. Gitaa langu liko hapa, nimelilegeza kamba ya sita kama unavyopenda wewe. Mama Zawadi, tafadhali zima hilo feni, linavuma. Na wewe kijana wa mbele, simu yako ina chaji? Basi iweke hapa juu ya meza, karibu na mdomo wake. Karibu, Babu. Pole pole, hatuna haraka.